Tisa

Chumba namba kumi na saba, ghorofa ya pili, Mlimani.
Feni inazunguka kama mtu anayetafuta neno.
Tumbili amekalia dirisha, anangoja tusahau andazi.
Mezani, hukumu mia sita na arobaini za Mahakama ya Rufani
zimepigwa mihuri, zimetobolewa, zimefungwa kwa uzi wa kijani,
na juu yake mwongozo wa Dakta Kokushubila:
mrufani akishinda, andika moja;
akishindwa, sifuri;
kisichojulikana, tisa.
Usiandike unachohisi.

Wanasheria, alituambia siku ya kwanza,
huuliza sheria imesema nini.
Sisi tunauliza nani alikuwa ameketi ilipokuwa ikisema,
aliteuliwa mwaka gani, na nani,
na serikali ikiwa mjibu rufani
huanguka mara ngapi.
Jaji mmoja ni mtu. Majaji thelathini ni mwelekeo.
Akachora mstari ubaoni, ukapanda, ukateremka
kama njia ya kwenda Changanyikeni.

Niliupenda ule mstari, nakiri.
Nikawa nahesabu hata nyumbani:
mama mwenye nyumba amekubali maombi yangu
mara mbili katika tisa,
zote mbili mwanzo wa mwezi.

Kila hukumu tunaisoma watatu, kila mtu kona yake,
marufuku kuchunguliana: Nkwabi, Sijaona, na mimi.
Ijumaa tunalinganisha.
Tulikuwa tunalingana vizuri tu
mpaka ilipofika namba mia nne na tatu.

Asinati Mlyuka, wa Yombo, dhidi ya Manispaa.
Kiwanja, barabara, fidia iliyoishia njiani.
Miaka kumi na minne, kutoka baraza la kata
mpaka Kivukoni, mbele ya majoho matatu.
Wakamsikiliza. Kisha mmoja akarudi nyuma kurasa mbili
akakuta cheti cha ucheleweshaji
kimekosewa tarehe, siku moja.
Rufani haikukubaliwa.
Haikukataliwa.
Iliondolewa,
kama sahani ambayo haijaliwa.

Nkwabi aliandika sifuri: karudi mikono mitupu, au sivyo?
Sijaona aliandika tisa: madai yenyewe hayakuguswa.
Mimi niliacha kisanduku wazi.
Tukabishana mpaka chai ikaota utando.
Namba sabini na mbili tuliandika nini?
“Ile inatofautishika,” alisema Sijaona,
kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisoma asubuhi nzima.
Ndipo tukatazamana.
Watatu. Meza moja. Uamuzi wa zamani umefunuliwa katikati.

Dakta alicheka hadi akavua miwani.
“Nkwabi, nani alikuteua?”
“Wewe, Dakta.”
“Na mkataba wako unakwisha lini?”
Feni ikazunguka.
“Desemba.”
Akatoka. Mlangoni alisema, kama anayezungumza na funguo zake,
kwamba tisa zingerahisisha jedwali.

Jumatatu sifuri ya Nkwabi ilikuwa imeota mkia.
Hakuna aliyemwamuru.
Wawili kwa mmoja; ikaingizwa.
Hata kumlaumu siwezi:
ana mtoto anaanza shule Januari,
na kwenye fomu yetu ya majaji
hakuna mahali pa kuuliza hilo.

Nilichukua penseli. Pambizoni,
kwa herufi ndogo ambazo mashine haizisomi,
niliandika maoni yangu ya mchache:
hayo tisa;
kumi ni kwamba ukurasa wa kwanza unasema
mrufani alifika mwenyewe, hana wakili,
na ukurasa wa mwisho hausemi
alirudije Yombo.

Tumbili keshachukua andazi.
Nafungua namba mia nne na nne.